K. R. Narayanan: Rais asiye na amri aliwezaje kukataa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Mhadhiri wetu alisema Rais wa India ni muhuri tu: anatia saini anacholetewa na Waziri Mkuu. Baadaye nikasoma kwamba Rais K. R. Narayanan aliwahi kukataa uamuzi wa Baraza la Mawaziri, tena mara mbili, na serikali ikarudi nyuma. Inawezekanaje? Na je, ni kweli alipewa urais kwa sababu tu alitoka katika tabaka la wasioguswa?

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako hajakosea, na ulichosoma nacho ni kweli. Rais wa India haendeshi serikali. Hata hivyo Kocheril Raman Narayanan, Rais wa kumi wa nchi hiyo, aliwarudishia mawaziri ushauri wao Oktoba 1997 na tena Septemba 1998, na mara zote mbili wakauweka kando, ingawa ule wa pili walikuja kuufufua miezi michache baadaye. Hakuvunja Katiba hata kidogo. Alitumia kifungu kimoja kidogo ambacho watangulizi wake hawakuwahi kukitumia namna hiyo, na kila alipokitumia aliwaeleza wananchi sababu zake. Huko kueleza ndiko ninakotaka ukutazame kwa makini, kwa sababu nguvu zake zote zilikuwa hapo.

Tuanze na sheria yenyewe. Sisi Tanzania tumezoea Rais mwenye serikali mkononi. Ibara ya 37 ya Katiba yetu inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. India ni kinyume chake. Ibara ya 74 ya Katiba yao inasema kuwe na Baraza la Mawaziri, Waziri Mkuu akiwa kichwa chake, la kumshauri Rais, na Rais atende kwa kufuata ushauri huo. Rais hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Anachaguliwa na wabunge wa Bunge la taifa, Delhi, pamoja na wabunge wa majimbo, na kura zao hupimwa uzito kwa idadi ya watu. Akishaapishwa anahamia Rashtrapati Bhavan, jumba la vyumba 340 walilolijenga Waingereza kwa ajili ya gavana wao mkuu, na humo kazi yake kubwa ni kusaini.

Hatari ya urais wa namna hiyo ilionekana usiku wa tarehe 25 Juni 1975. Waziri Mkuu Indira Gandhi alimpelekea Rais Fakhruddin Ali Ahmed tangazo la hali ya hatari, naye akalisaini usiku uleule. Mawaziri wenyewe waliitwa asubuhi kuarifiwa jambo lililokwisha. Wapinzani wakajazwa magerezani na magazeti yakafungwa mdomo. Mchoraji katuni Abu Abraham alimchora Rais akiwa ndani ya beseni la kuogea, mkono umetoka nje unasaini karatasi, akisema kama kuna nyingine zaidi waambieni wangoje. Wahindi wa rika langu wanaikumbuka katuni ile mpaka leo.

Hali ya hatari ilipokwisha na Indira akashindwa uchaguzi, Bunge jipya likaleta mabadiliko ya 44 ya Katiba, mwaka 1978. Ndani yake kuna sentensi moja inayojibu swali lako: Rais anaweza kulitaka Baraza la Mawaziri liufikirie upya ushauri wake, lakini wakiurudisha baada ya kuufikiria, lazima aufuate. Ni kama mzee wa ukoo anayewaambia vijana wenye hasira, "Kalaleni nalo hilo, mje kesho." Kesho wakija na neno lilelile, hana la kuwafanya. Ila inabidi waje tena, mchana, watu wote wakiwaona.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe, maana hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu.

Alizaliwa Uzhavoor, kijiji cha Travancore, sehemu ambayo leo ni wilaya ya Kottayam katika jimbo la Kerala. Tarehe iliyoandikwa rasmi ni 27 Oktoba 1920. Baba yake alikuwa mganga wa tiba za asili, mtu aliyeheshimika kwa ujuzi wake lakini maskini, na familia ilikuwa ya jamii ya Waparavan, mojawapo ya zile zilizohesabiwa kuwa najisi. Ili uelewe maana yake pale na wakati ule, fikiria Vaikom, mji ulio katika wilaya hiyohiyo. Narayanan akiwa mtoto wa miaka mitatu minne, watu wa matabaka ya chini walifanya mgomo mrefu pale, 1924 hadi 1925, wakidai ruhusa ya kupita barabara zinazozunguka hekalu. Kupita tu. Ruhusa ya kuingia ndani ya mahekalu ya Travancore ilikuja Novemba 1936, yeye akiwa na miaka 16.

Shule ilikuwa mbali, kilomita kadhaa kwa miguu akikatiza mashamba ya mpunga. Karo ilipokosekana alisimama nje ya darasa na kusikiliza somo kupitia dirishani. Vitabu hakuwa navyo. Kaka yake, aliyekuwa akikaa nyumbani kwa ugonjwa wa pumu, aliazima vya wanafunzi wengine, akavinakili kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa, akampa mdogo wake. Nikifundisha habari za Narayanan huwa sipiti haraka hapa. Rais huyu alilelewa na daftari za kaka yake.

Alipata ufadhili, akasoma Chuo cha CMS Kottayam, kisha Chuo Kikuu cha Travancore, akamaliza fasihi ya Kiingereza mwaka 1943 akiwa wa kwanza. Aliomba kazi ya uhadhiri, akaambiwa iliyopo ni ya ukarani. Aliikataa, akasusa na cheti chenyewe, akapanda treni kwenda Delhi kutafuta riziki katika uandishi wa habari. Aliandikia *The Hindu* na *Times of India*, na Aprili 1945 alimhoji Mahatma Gandhi mjini Bombay. Mwaka huohuo, kwa msaada wa tajiri J. R. D. Tata, akaenda London kusoma siasa katika chuo cha uchumi cha LSE. Mwalimu wake alikuwa Harold Laski, ambaye wanafunzi wake wengi kutoka makoloni walirudi kwao kuongoza nchi.

Laski alimpa barua ya kumtambulisha kwa Jawaharlal Nehru. Narayanan mwenyewe alisimulia kwamba alipofika kwa Waziri Mkuu mwaka 1948 walizungumza mambo ya London, muda ukaisha, akaikabidhi barua wakati anaaga. Alikuwa karibu na mlango wa kutokea aliposikia makofi: Nehru alikuwa ameisoma na anamwita arudi. Mwaka uliofuata akaingia wizara ya mambo ya nje. Kituo cha kwanza kikawa Rangoon, Burma, na huko akampenda Ma Tint Tint, binti wa Kiburma. Ofisa wa ubalozi kuoa mgeni kulihitaji kibali maalumu, na Nehru akakitoa. Walioana Delhi mwaka 1951, bibi akachukua jina la Usha.

Kazi ya ubalozi sitaisimulia yote. Alikuwa balozi Thailand na Uturuki, na mwaka 1976 alipelekwa Beijing, balozi wa kwanza wa India kule tangu uhusiano ulipoharibika kwa vita vya 1962. Kisha akaongoza Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, na toka 1980 hadi 1984 alikuwa balozi Washington. Aliporudi aligombea ubunge wa Ottapalam, Kerala, kwa tiketi ya Congress, akashinda 1984, 1989 na 1991. Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alimpa unaibu waziri, kwanza mipango, kisha mambo ya nje, kisha sayansi na teknolojia. Agosti 1992 akawa Makamu wa Rais, na kura zote zilikuwa zake, isipokuwa moja. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Desemba, umati ulipoubomoa msikiti wa Babri kule Ayodhya, alisema huo ni msiba mkubwa kuliko wote ulioipata India tangu kuuawa kwa Mahatma Gandhi.

Kwa hiyo, mwanangu, Julai 1997 wapiga kura walikuwa mbele ya mtu wa namna gani? Mwandishi, mwanadiplomasia wa miaka mingi, mkuu wa chuo kikuu, mbunge mara tatu, naibu waziri, Makamu wa Rais. Alipata takriban asilimia 95 ya kura dhidi ya T. N. Seshan, aliyewahi kuwa msimamizi mkuu wa uchaguzi na mwenye jina kubwa. Tabaka lake lilikuwa na uzito, na ningekudanganya nikisema halikuwa nao: India ilikuwa inatimiza miaka 50 ya uhuru, na karibu vyama vyote vilitaka kuonyesha kwamba mtoto wa wasioguswa anaweza kukaa Rashtrapati Bhavan. Lakini anayesema "alipewa kwa sababu ya tabaka tu" anafuta kazi ya miaka 50 kwa sentensi moja. Yuleyule aliyeambiwa mwaka 1943 ukarani unamtosha anaambiwa tena kwamba amepewa. Siikubali kauli hiyo, na nakuomba usiirudie kwenye insha yako bila kuipima.

Aliapishwa tarehe 25 Julai 1997. Miezi mitatu haijatimia, jaribio likaja.

Lilitoka Uttar Pradesh, jimbo lenye watu wengi kuliko yote India. Waziri kiongozi wake, Kalyan Singh wa chama cha BJP, alikimbiwa na mshirika wake mkuu, akatakiwa athibitishe bungeni kwamba bado ana wingi. Kikao cha tarehe 21 Oktoba kikawa vita. Wabunge walirushiana viti, waking'oa maikrofoni mezani na kupigana nazo. Upinzani ulipotoka, zikahesabiwa kura 222 za kumuunga mkono, zaidi ya nusu ya bunge. Gavana Romesh Bhandari akaandika Delhi kwamba utawala wa kikatiba umevunjika jimboni, na Baraza la Mawaziri la I. K. Gujral likamshauri Rais aivunje serikali ile na kuweka utawala wa moja kwa moja kutoka Delhi, kwa Ibara ya 356.

Ibara hiyo ndiyo silaha iliyotumiwa vibaya kuliko zote katika Katiba ya India. Kwa miongo kadhaa Delhi iliwang'oa mawaziri viongozi wa vyama pinzani kwa kisingizio cha fujo. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu, katika kesi ya S. R. Bommai, iliweka kipimo: wingi wa serikali hupimwa ndani ya ukumbi wa bunge, wala si machoni pa gavana. Kalyan Singh alikuwa amepimwa hapohapo, akapita, hata kama kikao kilikuwa cha aibu. Narayanan akaurudisha ushauri. Mawaziri wa Gujral wakakutana tena, wakaamua kuuacha.

Mwaka uliofuata serikali ilikuwa ya Atal Bihari Vajpayee wa BJP, chama kilekile kilichookolewa Uttar Pradesh. Nayo ikataka kuiondoa serikali ya Rabri Devi, waziri kiongozi wa jimbo la Bihar. Tarehe 25 Septemba 1998 Rais akawarudishia ushauri wao vilevile. Hapa ndipo heshima yangu kwake inapopanda. Mara ya kwanza alilinda serikali ya BJP dhidi ya mawaziri waliosimama kwa hisani ya Congress, chama alichotoka yeye. Mara ya pili aliwanyima BJP walichokitaka. Kipimo kilikuwa kimoja pande zote mbili.

Utauliza: kama wangeweza kuurudisha na akalazimika kusaini, kwa nini walirudi nyuma? Kwanza, zilikuwa serikali za mseto. Ndani yake walikuwamo wakuu wa vyama vya majimbo, watu wenye kila sababu ya kuiogopa Ibara ya 356, na Rais alipouliza swali, wao ndio waliolegea. Pili, baada ya kesi ya Bommai, uamuzi uliotiliwa shaka na Rais mwenyewe ungepelekwa mahakamani ukiwa tayari na jeraha. Tatu, nchi nzima ilijua ushauri umerudishwa. Serikali inayosisitiza jambo baada ya hapo inalibeba peke yake, haiwezi tena kujificha nyuma ya saini ya Rais.

Februari 1999 mawaziri wa Vajpayee waliurudia ushauri wao wa Bihar, baada ya mauaji ya Wadalit, yaani watu wa tabaka la wasioguswa, katika vijiji vya Shankarbigha na Narayanpur. Safari hii Rais alisaini. Lakini tangazo la namna hiyo lazima lipitishwe na mabaraza yote mawili ya Bunge, na serikali haikuwa na wingi katika baraza la juu, Rajya Sabha. Mwezi Machi wakaliondoa, Rabri Devi akarudi ofisini. Kwa maneno mengine, kikwazo ambacho kingewaangusha mbele kilikuwapo tangu Septemba, na Rais alikuwa amewapa nafasi ya kukiona mapema.

Mtindo wake ulikuwa huo hata katika kuunda serikali. Baada ya uchaguzi wa 1998 hapakuwa na chama chenye wingi. Hakumwita Vajpayee kwa hisia. Alitaka barua za vyama vilivyodai kumuunga mkono, akazisubiri, ile ya Jayalalithaa, kiongozi wa chama cha jimbo la Tamil Nadu, ikachelewa na kuwakosesha watu usingizi, na hatimaye akamteua kwa sharti la kuthibitisha wingi bungeni. Kisha ofisi yake ikatoa taarifa kwa umma ikieleza alivyofikia uamuzi. Aprili 1999 serikali hiyo ikaanguka kwa kura moja, 269 kwa 270. Sonia Gandhi, kiongozi wa Congress, alisema anao wabunge 272, Rais akampa muda, hawakupatikana, Bunge likavunjwa.

Katika mahojiano ya Agosti 1998 alijieleza kuwa ni Rais anayefanya kazi, ndani ya kuta nne za Katiba. Maneno yote mawili yana uzito, "anayefanya kazi" na "kuta nne". Uchaguzi wa Februari 1998 alipanga foleni kwenye kituo cha shule iliyo ndani ya eneo la Rashtrapati Bhavan, akapiga kura kama raia wengine, jambo ambalo marais waliomtangulia hawakulifanya wakiwa madarakani. Mafaili ya uteuzi wa majaji yalipomjia, aliandika kwamba watazamwe pia watu wanaofaa kutoka matabaka yaliyokandamizwa. K. G. Balakrishnan, Mdalit wa Kerala, aliingia Mahakama ya Juu mwaka 2000 na kuwa Jaji Mkuu 2007.

Na tarehe 27 Januari 2000, Jamhuri ikiadhimisha miaka 50, serikali ikiwa imetangaza mpango wa kuipitia upya Katiba, alisimama katika Ukumbi Mkuu wa Bunge, Waziri Mkuu akiwa pale, akawataka wajiulize kama Katiba ndiyo iliyowaangusha, au wao ndio walioiangusha Katiba. Tume iliundwa, lakini waliokuwa na hamu ya kuugeuza mfumo mzima walipata mpinzani mahali wasipomtarajia.

Nina lawama moja juu yake, na ni nzito. Februari 2002 treni iliteketezwa Godhra, katika jimbo la Gujarat, na mahujaji wa Kihindu wakafa. Ghasia zilizofuata Gujarat ziliua zaidi ya watu 1,000 kwa hesabu ya serikali, wengi wao Waislamu. Narayanan alisema baadaye, katika mahojiano ya mwaka 2005, kwamba alimwandikia Vajpayee barua, akamtaka apeleke jeshi na kulipa amri ya kufyatua risasi kuzuia mauaji. Jeshi lilipelekwa, alisema, lakini amri haikutolewa, na akazituhumu serikali ya jimbo na ya taifa kwa njama. Uchunguzi ulioamriwa na Mahakama ya Juu, kwa upande wake, haukupata ushahidi wa kumshtaki waziri kiongozi wa jimbo. Lawama yangu ni hii: barua hazikuchapishwa. Mtu aliyejua kuliko yeyote kwamba nguvu ya Rais wa India ni kueleza hadharani alichagua siri katika wiki zile, na tuhuma zake nzito zikaja miaka mitatu baada ya wafu kuzikwa. Labda angevuka kuta zake nne kama angesema. Mimi naona zilikuwa na nafasi ya kutosha.

Alimaliza muhula Julai 2002. Wa mrengo wa kushoto walitaka aendelee, makubaliano hayakupatikana, na A. P. J. Abdul Kalam akashika nafasi. Narayanan alifariki New Delhi tarehe 9 Novemba 2005.

Kwa insha yako, nakushauri umlinganishe na Zail Singh, siyo na Fakhruddin peke yake. Mwaka 1986 Bunge lilipitisha muswada wa kuruhusu serikali kufungua barua za watu posta. Zail Singh hakuusaini wala hakuurudisha. Aliukalia tu, kwa kuwa Katiba haikumwekea muda, na muswada haukuwahi kuwa sheria. Matokeo yalikuwa mema na raia walisalimika. Lakini hakulipelekea Bunge maelezo yoyote, na Rais aliyemfuata hakuachiwa njia ya kufuata. Weka uamuzi ule kando ya ule wa Oktoba 1997, halafu umuulize mhadhiri wako ni upi kati ya hiyo miwili ni wa muhuri.